Mwalimu Aliyeuliza Mara ya Pili

Mwaka niliotakiwa kuanza kidato cha kwanza niliuanza nikiwa nimelala chali. Nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imeingiwa na kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao mpaka wakati ule sote nyumbani tulidhani unakaa kifuani tu kama jina lake linavyosema. Madaktari walinipa vidonge vya miezi mingi, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, mkoa mwingine, na sanduku la bati lilikuwa limeshanunuliwa. Hogo lilipokuja kukatwa, nafasi yangu ilikuwa imekwishapewa mtoto mwingine, na mguu wangu mmoja ulikuwa umebaki mfupi kuliko mwenzake.

Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache mno. Aliyekosa ya serikali alitafuta shule za kulipia, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaota kila pembe ya Dodoma, nyingi zikiwa na mabango mazuri kuliko madarasa. Asiyetaka hivyo alisoma nyumbani, akafanya mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu mtu kuufikia wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba alipendelea shule ya kulipia. Alikuwa na duka la vitambaa, kazi aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye aliirithi kwa baba yake. Huyo wa mwisho alifika huku bara na misafara ya biashara, akatua mzigo wake Dodoma na hakuubeba tena. Kwa Baba, kitu cha kulipiwa kilikuwa na heshima yake. Lakini Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda kuzitazama shule mbili, akarudi ameshika kiuno.

"Mwalimu mmoja anafundisha hesabu, Kiingereza na historia," alisema akivua viatu vilivyojaa vumbi jekundu. "Na vyote vitatu anavifundisha kwa kunakili ubaoni. Kama ni kunakili, huyu atanakili hapa hapa kitandani."

Basi nikaanza kusoma nyumbani. Mama alinifundisha jioni akitoka kazini, amechoka, sauti imemkauka. Alijua mipaka yake. Alinifikisha mahali fulani katika Kiingereza na hesabu, kisha akaanza kumzungumzia mara kwa mara mwalimu wake wa zamani, bibi mmoja Mrangi aliyemfundisha sekondari, mwanamke ambaye darasa zima lilimwogopa kwa sababu hakuwahi kutoa jibu. "Ukimuuliza swali," Mama alisema, "unarudi kwenye dawati lako na maswali mawili." Bibi huyo alikuwa amestaafu na kwenda Uswidi kuishi na binti yake muuguzi. Mama alipata habari zake msibani, kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani, akarudi na karatasi yenye anwani ya ajabu, katikati yake pana alama kama herufi a iliyojikunyata ikajifunika shuka.

Ilikuwa anwani ya barua pepe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika barua ya namna hiyo, isipokuwa mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alikuwa fundi katika kiwanda cha umma kule Kizota. Kiwanda kilipobinafsishwa, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazini, na kiinua mgongo chake akakipeleka chote kwenye kompyuta kuukuu alizozifuata Dar es Salaam. Akafungua intaneti kafe katika chumba kimoja karibu na stesheni. Kompyuta zake zilifunikwa kwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kazi ya mkewe, mithili ya redio na makochi ya sebuleni. Wateja wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wa vyuo na wageni wa Bunge. Wengine waliingia kutazama tu.

Mama aliandika barua yake nyumbani kwa kalamu, mjomba akaichapa. Jibu lilikuja baada ya siku chache, nasi tulilisoma tumesimama nyuma ya kiti cha mjomba, mimi nimeegemea gongo langu. Mwalimu alikubali, ila kwa masharti. Asingefundisha majibu ya mtihani. Hayo Mama angeyafundisha. Yeye angefundisha yale aliyofundishwa na watawa akiwa msichana, na ambayo hakuwahi kuruhusiwa na mtaala kuyafundisha: Kilatini, mantiki, jiometri ya watu wa kale, na ulumbi, yaani ufundi wa kujenga hoja na kuisema. Sharti la mwisho ndilo lililotushangaza. "Simfundishi mtu mmoja," aliandika. "Mtu mmoja hajibishani, anajipongeza. Nitafutieni wa pili."

Wa pili Mama alimpata Nzuguni. Alikuwa msichana ambaye Mama aliwahi kumfundisha darasa la tano, Mgogo, binti wa katekista. Alikuwa amemaliza la saba na alama nzuri na hakuchaguliwa kwenda popote. Alikuwa nyumbani akilima uwele na kuchunga mbuzi wa baba yake, na siku Mama alipofika kumwomba, alimkuta anawasomea wadogo zake gazeti la miaka iliyopita lililobandikwa ukutani. Baba yake hakuuliza maswali mengi. Alisema tu, "Kama kuna mtu anataka kumfundisha mwanangu bila yeye kutoka hapa Dodoma, mimi nani nikatae?"

Ndivyo nilivyompata mwenzangu. Alikuja kwa baiskeli ya baba yake, kila Jumamosi na mara nyingine katikati ya wiki, na Mama alitupikia. Mwanzoni hatukupendana. Mimi nilimwona mkavu, ana tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajisikie mjinga. Yeye, kama alivyoniambia miaka mingi baadaye, aliniona mtoto wa mjini ninayesema kabla ya kufikiri. Sote tulikuwa tunasema kweli.

Darasa lenyewe lilikuwa hivi. Katikati ya wiki Mwalimu alituma masomo: maandishi marefu, aliyoyafasiri mwenyewe kwa Kiswahili kutoka kwa Wayunani na Warumi wa kale, na kurasa za Kilatini za kuhifadhi na kuchambua. Mjomba alituchapia kwa printa yake iliyolia kama cherehani. Jumamosi mchana, kabla wateja hawajajaa, tuliketi wawili mbele ya kompyuta moja na kuzungumza naye kwa maandishi, yeye akiandika kule, nasi tukiandika huku, tukipokezana kibao cha herufi. Alianza kila mara kwa salamu, wala hakukubali kurukwa.

"Shikamoo Mwalimu," tuliandika, kila mmoja kwa zamu yake.

"Marahaba wanangu. Mmekula nini?"

Tulimwambia. Siku mwenzangu alipoandika kwamba wamekula ugali wa uwele na mlenda, kioo cha kompyuta kilileta neno moja tu: "Mnanionea." Halafu akauliza swali.

Maswali yake yalikuwa mepesi kuyasoma. Mtu akisema jambo la kweli bila kujua kuwa ni kweli, amesema kweli? Mlinzi anayetii amri mbaya na mlinzi anayevunja amri nzuri, yupi unamtaka langoni kwako? Ukijibu, alikuuliza unamaanisha nini kwa neno fulani ulilolitumia. Ukilieleza, alikupa mfano unaoyavunja maelezo yako. Kilichoniuma zaidi ni pale alipoamuru tubadilishane pande. "Sasa wewe tetea hoja ya mwenzako. Na uitetee vizuri kuliko yeye." Nilikuwa natoka pale kichwa kinaniuma kuliko nyonga.

Katika Kilatini mwenzangu alinipita mbali. Mimi nilikariri miisho ya maneno kama mtu anayebeba kuni. Yeye aliisikia. Alisema haimshangazi lugha inayobadili neno ili kuonyesha kazi yake, maana Kigogo na Kiswahili vinabadilika mwanzoni, na hao Warumi wameamua tu kubadilika mwishoni. Siku tuliyofundishwa kwamba neno lao la meza ni *mensa*, aliinua kichwa akauliza kama si hilo hilo neno letu meza. Tulimwandikia Mwalimu. "Kufanana si ushahidi," alijibu. "Watoto wangapi wanafanana na jirani? Nendeni mkatafute." Tulitafuta wiki nzima, mpaka tukagundua kuwa Wareno ndio waliolileta pwani, wao wakiwa wamelirithi kwa hao hao Warumi. Siku ile nilikula chakula cha mchana nikiigusa meza ya nyumbani kana kwamba imetoka safari.

Baba yake, yule katekista, alikuwa ameimba misa ya Kilatini utotoni kabla misa haijaanza kusomwa kwa Kiswahili, na zile nyimbo bado alikuwa nazo kichwani, bila kujua hata neno moja maana yake. Mwenzangu alianza kumfafanulia neno kwa neno jioni wakikamua mbuzi. Alinisimulia kwamba mzee alifika mahali akamwambia, "Basi, mwanangu, pumzika kidogo," akaenda kusimama kwenye ua peke yake.

Baba yangu mimi hakuguswa hivyo. Zama zile kila mzazi aliyekuwa na uwezo alimpeleka mtoto kozi ya kompyuta au uhasibu. Siku moja wakati wa chakula aliniuliza, "Hicho Kilatini kinasemwa nchi gani?"

"Hakisemwi popote, Baba. Waliokisema walikwisha."

Akamgeukia Mama. "Biashara gani hii, ya kununua mzigo usio na mteja hata mmoja?"

"Na zile kaida za sarufi ya Kiarabu ulizohifadhi madrasani utotoni," Mama alisema akimwongezea mchuzi, "pale dukani unamuuzia nani?"

Baba alicheka, akala. Tangu hapo alituacha, ingawa alikuwa akinichokoza. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika na matangazo ya biashara yakawa mengi. Aliniita nisikilize tangazo la sabuni na kuniuliza hoja yake imevunjika wapi. Nikimwonyesha, alifurahi. Nilipojaribu mantiki hiyo hiyo kwake, kuhusu kuruhusiwa kulala Nzuguni, aliniambia niipeleke kwa mama yangu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka miwili. Mtihani wa maarifa tuliufaulu wote wawili, tukaanza kujiandaa kwa wa kidato cha nne. Nilikuwa natembea bila gongo, nikichechemea. Na Mwalimu, ambaye hatukuwahi kuisikia sauti yake wala kuiona sura yake isipokuwa katika picha ya zamani ya shule ya Mama, alikuwa mtu wa tatu katika kila nililolifikiri.

Jumamosi moja alituuliza: kujua jambo na kulikumbuka jambo ni kitu kimoja?

Mimi nilijibu upesi, kama kawaida yangu, kwamba ni kitu kimoja, usichokikumbuka hukijui. Mwenzangu alikataa. Alisema mdogo wake anazikumbuka sala zote na hajui maana yake, na bibi yake amesahau majina ya mimea mingi, lakini ukimpeleka porini, mkono wake unachuma mboga na kuacha sumu. Tulibishana mpaka muda ukaisha. Mwalimu alitupongeza, jambo lililokuwa adimu.

Wiki iliyofuata akauliza swali lile lile, kwa maneno yale yale.

Hatukushangaa. Tulitazamana tukaona tu kwamba majibu yetu hayakumridhisha, na pongezi zile zilikuwa dhihaka. Tulirudi nyumbani, tukayavunja majibu yetu wenyewe na kuyajenga upya. Nilikubali kwamba upo ujuzi ulio katika mwili. Yeye alikubali kwamba bibi yake, asiyeweza kumweleza mtu mwingine ule mmea, amebaki na ujuzi usiorithishika. Jumamosi iliyofuata tuliyaweka mbele yake, na kwa kweli yalikuwa majibu mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyatoa. Mwalimu aliyapokea, akayachimba, akafurahi.

Alipouliza mara ya tatu, mwenzangu aliondoa vidole kwenye kibao.

"Anatujaribu," nilimwambia.

"Inawezekana," alisema.

Kisha yakaja mengine. Katika kurasa za Kilatini mlikuwa na miisho iliyokosewa, nasi tukamsahihisha kwa adabu, tukidhani ni mtego. Mara moja alishukuru. Mara nyingine alikasirika, akaandika kwamba hajazoea kusahihishwa na watoto. Siku moja alitusalimia, akauliza tumekula nini, tukamwambia, akauliza tena tumekula nini. Mjomba, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, alisoma kiooni akasema pengine mtandao umerudia ujumbe. Tulimkubalia kwa sababu tulitaka iwe hivyo.

Barua ya binti wa Mwalimu ilikuja kwa Mama. Iliandikwa kwa heshima na kwa uchovu. Mama yake alikuwa anapoteza kumbukumbu. Madaktari walimwambia mapema, na yeye mwenyewe alikuwa akijua tangu kabla hajakubali kutufundisha. Ndiyo maana alikubali, binti aliandika, ingawa hakuwa na hakika. Sasa ilikuwa inakwenda kwa kasi. Kama tungependa kuacha, asingetulaumu. Jumamosi mama yake bado alijiandaa toka asubuhi, alichana nywele kana kwamba tungemwona.

Mama alitusomea barua ile sebuleni. Alipomaliza aliikunja, akaenda jikoni, na tukasikia bomba linafunguliwa na halifungwi.

Mimi nilitaka tuache. Nilisema kuendelea ni uongo. Tutakuwa tunajifanya wanafunzi mbele ya mtu anayejifanya mwalimu, na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba hoja yenye hila ni mbovu hata ikishinda. Mwenzangu alisema uongo ni kumwambia mtu jambo usiloliamini. Sisi tungemwambia yale tunayoyaamini, kwa sababu ameyauliza.

"Lakini hajui kwamba ameyauliza!"

"Mimi najua."

"Basi tunafanya kwa ajili yetu."

"Tangu lini tulifanya kwa ajili yake?"

Ilikuwa kweli. Ndipo tulipomwona Baba amesimama mlangoni, kofia mkononi, ametoka msikitini. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Nilitegemea angesema kwamba sasa yamekwisha, tukasome uhasibu.

"Mama yangu mimi," alisema, "mwisho wake aliniuliza kila asubuhi kama mvua imenyesha. Kila asubuhi. Katika kiangazi hiki chetu. Nilikuwa kijana, nina haraka zangu. Kaka yangu alikuwa anakaa chini, anamjibu kama ndiyo kwanza anaulizwa. Mara anamweleza mawingu yalivyokaa, mara anamuuliza yeye mvua za zamani zilikuwaje. Basi yule kaka anayo habari nzima ya maisha ya mama. Mimi nina habari ya mvua tu." Akavaa kofia yake. "Alipokuwa na akili zake aliwafundisha. Leo mnataka kumkimbia?"

Hakungoja jibu. Alikwenda zake dukani.

Hatukumkimbia. Tulibadilisha namna. Tuliacha kumsahihisha Kilatini. Alipouliza swali lililokwisha kuulizwa, tulijikataza kurudia jibu la zamani. Ilikuwa sheria tuliyojiwekea, kwamba kila safari ni lazima tumpe kitu ambacho hatujawahi kumpa. Ile ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika ujana wangu. Ukishajibu swali moja mara nyingi, majibu yote mepesi yanakuishia, na unabaki na yale unayoyaogopa. Siku moja tulimwambia wazi, kwa sababu mwenzangu alisisitiza: "Mwalimu, swali hili umeshatuuliza zamani. Lakini leo tumeona jambo jipya." Nilianza kujuta. Kisha akaandika, "Afadhali. Niambieni hilo jipya."

Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, mkali, na alizichana hoja zetu vipande vipande, tukatoka tunacheka. Siku nyingine aliandika Kirangi, lugha ambayo sisi wawili hatukuijua, nasi tulijibu tu kwa kumsalimia. Kisha Jumamosi ikafika tukakaa, tukaandika shikamoo, na hakujibu mtu. Wiki ya pili vile vile. Mjomba alifunika kompyuta yetu kwa kile kitambaa cha kufuma.

Miezi kadhaa baadaye Mama alipata habari kwamba amerudishwa nyumbani. Binti yake alikuwa amemleta kwa ndugu zake Busi, upande wa Kondoa, kwa kuwa kule Uswidi alikuwa analia akitaka kwenda shambani kwa mama yake. Tulikwenda kumwona, Mama, mwenzangu na mimi, baada ya mavuno. Tulipanda basi la Kondoa, barabara wakati ule ni ya vumbi na mawe, nyonga yangu ikihesabu kila shimo; halafu tukapanda pikapu ya magunia hadi kijijini.

Tulimkuta uani, ameketi kwenye mkeka mbele ya mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, amevaa kitenge kipya na sweta ya ulaya. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Miaka yote nilikuwa nimemchora mrefu. Mama alipiga magoti, akamshika mikono, "Shikamoo Mwalimu," na machozi yakamtoka palepale. Bibi aliitikia marahaba kwa upole wa mtu anayeitikia wageni wa jirani. Nasi tukasalimia.

"Mnatoka wapi?"

"Dodoma, Mwalimu."

"Mbali. Mmekula nini?"

Mwenzangu alinishika mkono. Tulimwambia: andazi na chai, njiani. Alitikisa kichwa kuonyesha haitoshi, akamwita mtu wa ndani alete chakula. Kisha akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Nyie wasichana mnasoma?"

"Tunasoma," nilisema.

"Nani anawafundisha?"

Mwenzangu, ambaye siku zote alifikiri kwanza, safari hii alijibu bila kusita. "Wewe, Mwalimu."

"Mimi?" Alishangaa, kisha akacheka, meno machache. "Haya. Na mnaelewa?"

"Mengine tunaelewa. Mengine hatuelewi."

Bibi aliweka chini gunzi alilokuwa amelishika. Mgongo ukanyooka. Akakung'uta mikono, akaipakata, na macho yake yakawa ya mtu mwingine, yale ambayo Mama alikuwa ametusimulia, macho ya mtu asiyekuwa na mahali pengine pa kwenda duniani isipokuwa hapa, kwenye jambo lako.

"Anzeni na yale msiyoelewa," alisema.

Basi tulikaa kwenye mkeka, tukimsaidia kupukuchua, tukamweleza tusiyoyaelewa. Mwenzangu alianza na yale ya mantiki. Mimi nilimwambia sielewi kwa nini ninaogopa shule sasa, kidato cha tano kinapokaribia, baada ya kuitamani miaka yote, na sielewi kama mguu wangu ndio unaoniogopesha au watu. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia hayo, hata Mama, aliyekuwa pale anasikia. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Mara mbili tatu aliuliza, "Unamaanisha nini?" Mengine aliyosema hayakuunganika, alimtaja mtu tusiyemjua, akauliza tena tunatoka wapi, tukamjibu tena, safari hii mwenzangu akamweleza Nzuguni ilivyojaa nyumba mpya mpaka mbuzi wamekosa njia. Chakula kikaja. Alikula nasi, na alipochoka ndugu zake wakamwingiza ndani. Aliondoka bila kuaga, kama mwalimu anavyotoka darasani kipindi kikiisha.

Alifariki mwaka uliofuata. Tulipata taarifa baada ya maziko, na Mama alikwenda Busi peke yake, kwani sisi tulikuwa katika mitihani ya kidato cha nne. Tulifaulu, mwenzangu vizuri kuliko mimi. Akaenda kusomea sheria, na leo ni wakili. Mahakamani wanasema ana tabia ya kunyamaza mpaka shahidi ajisikie mjinga. Mimi kidato cha tano nilikisoma shuleni, kwenye dawati, katikati ya watu walionitazama ninavyotembea kwa muda wa wiki moja hivi kisha wakazoea. Sasa nafundisha sekondari. Sifundishi Kilatini. Nafundisha Kiswahili, na baadhi ya wanafunzi wangu hulalamika kwa wazazi wao kwamba sitoi majibu.

Jambo moja bado tunabishana, mimi na mwenzangu, kila tukikutana au tukipigiana simu. Lile swali la kujua na kukumbuka, mara ya kwanza kabisa, bibi yule aliliuliza kama mwalimu au kama mgonjwa? Binti yake anasema wakati ule alikuwa ameshaanza kupotea. Mwenzangu anaamini alilichagua kwa makusudi, kwamba alikuwa anajiuliza mwenyewe na kutafuta watu wa kumsaidia kufikiri kabla hajachelewa. Mimi kwa miaka mingi nilisema haiwezekani kujua. Siku hizi nimeanza kuutetea upande wake, kisha yeye, kwa ubishi tu, akahamia kwangu. Tunaendelea. Juzi alinipigia akiwa njiani kwenda mahakamani, akasema ameona jambo jipya kuhusu swali lile, nikamwambia asubiri kidogo, nifunge mlango wa ofisi ya walimu, nimsikilize.